Geti la Fundi Simu

Ukimpelekea spika iliyonyamaza, hakuishika. Aliweka mikono nyuma, akaiinamia kama anayemchungulia mtoto aliyelala, kisha akauliza, "Nani kafunga?" Wewe umekuja na spika kwapani, jasho linakutoka, umekwisha kuamua kwamba imeungua na unajiuliza utapata wapi nyingine, yeye anakuuliza habari za kufunga. Ilikuwa inaudhi. Mara ya kwanza niliondoka nimenuna, nikamwambia mume wangu kwamba yule mzee amezeeka mpaka masikio. Nilipofika nyumbani nikaitundika spika ukutani, nayo ikaanza kuimba.

"Vitu vingi havijafa, Mama Benigna," aliniambia kesho yake, bila kucheka. "Vimefungwa tu."

Mtaani tulimwita Fundi Simu. Alikuwa amestaafu kazi ya laini za simu za reli kule Mlimba, akaja Ifakara na mkewe kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na upande wetu nyumba yake ndiyo peke yake iliyoingizwa umeme. Sisi wengine tulikuwa watu wa koroboi na redio za betri, na betri zenyewe tulizianika juu ya bati ili zijikongoje mpaka taarifa ya habari ya jioni. Sijui kama alituonea huruma au hakuweza tu kuvumilia kuona waya umelala bure. Alichukua redio yake kubwa ya kanda, akaiunga na amplifaya aliyoiunda mwenyewe, akapitisha nyaya za zamani za simu juu ya nguzo za mianzi mpaka kwenye nyumba zetu. Kila nyumba ikapata spika moja ukutani. Akiweka kanda ya kwaya, mtaa mzima unaimba. Akifungulia mpira, mtaa mzima unapiga kelele, na anayepita na baiskeli anasimama kuuliza matokeo kwenye dirisha lolote lililo karibu.

Nyaya zote zilikutana kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, kwenye ubao wa sanduku la sabuni uliopigiliwa ukutani. Ubao huo aliuita geti. Kila nyumba ilikuwa na swichi yake getini: ukiipandisha sauti inakwenda, ukiishusha haiendi. Juu ya kila swichi binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amechora alama kwa rangi iliyobaki ya mlango, siku hizo akiwa bado mwanafunzi: msalaba kwa katekista, samaki kwa mvuvi, kifungo cha shati kwangu mimi mshonaji. Swichi ya chumba cha mama yake aliichorea ua. Nitafika kwenye hilo ua, ingawa ningependa nisifike.

Geti lilikuwa na sheria, na sheria zote zilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Radi ikianza kunguruma upande wa milima, anashusha zote. Msimu wa mpunga, watu wakihamia mashambani kukaa kwenye madungu na kulinda ndege, anashusha za waliohama, maana, alisema, hana haja ya kuwasomea panya taarifa ya habari. Wakirudi na mpunga wao na pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, ya kugawia majirani, spika haisemi. Hapo ndipo wanapoanza kuipiga makofi, kuifungua kwa kisu, kulaumu mende. Nilikuja kugundua kwamba nusu ya matatizo aliyoyatengeneza mzee yule alikuwa ameyaleta mwenyewe. Anafunga kwa nia njema, anasahau, halafu anakuja na bisibisi kifuani akiwa na uso wa daktari.

Siku moja katekista alimjia juu. Spika yake ilikuwa inazimika kila dansi ikianza na kuwaka kila dansi ikiisha.

"Kama unanihukumu, nihukumu hadharani," alisema katekista. "Mimi sijakataza muziki wa dunia. Daudi alicheza."

Fundi Simu alikuna shingo. "Mwalimu, si mimi. Mama wa nyumbani kwako ndiye aliyeniomba. Amesema ukisikia gitaa unaacha kupasua kuni."

Tulicheka tukashika mbavu, na katekista akacheka mwishoni, lakini swichi haikupandishwa. Mama alikuwa ameomba.

Mtu huyo alijaa vituko. Nyaya zake zilinyooka kama uzi wa cherehani, ila shati lake lilikosa vifungo miaka yote, na mimi niliyechorewa kifungo getini nikimwambia alete nimshonee, anajibu hapana haja, upepo nao unatafuta pa kupita. Alikuwa Mkatoliki wa kufa mtu lakini hakuhudhuria misa ya kwanza, kwa sababu kipaza sauti cha misa ya kwanza kilipiga filimbi na hakuna aliyemruhusu akiguse. Alikuwa ameunganisha simu za watu maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakupenda kuongea kwenye simu. "Mtu akisema nawe bila uso, anakuachia kazi ya kumtengenezea uso," aliwahi kuniambia. Sasa ninapoandika maneno hayo, naona alivyokuwa anajieleza bila kujua.

Sheria kubwa ya geti ilikuwa ya msiba. Nyumba ikifiwa, Fundi Simu anavua kofia, anaingia kibandani, anashusha swichi ya nyumba ile. Muda wote wa matanga nyumba hiyo haipelekewi muziki wala mpira. Saa ya matangazo ya vifo tu ndipo anaipandisha, ili wafiwa wasikie jina la mtu wao likisomwa redioni na ndugu wa mbali wakiitwa, kisha anaishusha tena. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Ilikuwa heshima yake, na ikawa desturi ya mtaa. Hata watoto walijua: spika ya nyumba fulani ikikaa kimya wenye nyumba wakiwa nyumbani, usipite hapo unaimba.

Binti yao alikuja kuwa mwalimu, akapangiwa shule huko Masagati, mbali kupita Mlimba, na akaolewa hukohuko na mwalimu mwenzake. Basi mama yake tukamwita Mama Mwalimu, na mumewe ndiye aliyelipenda jina hilo kuliko wote. Alikuwa akisimama uani anaita, "Mama Mwalimu! Mama Mwalimu!" hata kama hana la kusema.

Kisha Mama Mwalimu akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala. Maneno yalirudi, mkono haukurudi. Daktari alisema moyo nao umechoka, tumlinde na mshtuko, mshtuko mwingine hautamwacha. Mzee akamwekea kitanda karibu na dirisha, na spika ukutani upande wa kichwani. Mimi nilikwenda kila mchana kumlisha uji, maana mzee mikono yake ilijua bisibisi, kijiko hakikumtii.

Hapo ndipo alipotuonyesha jambo ambalo hatukulijua. Spika, alisema, ni sikio pia. Akigeuza kitu fulani kwenye amplifaya, spika ile iliyokuwa ikimsemea mkewe inaanza kumsikiliza, na yeye kibandani anasikia kila kinachosemwa chumbani. Ikawa mgonjwa akitaka maji anaita tu, mzee anakuja. Watu wawili ambao kwa miaka yote walikuwa wakila kimya, sasa walizungumza kutwa kwa waya. Siku ya kwanza alisahau kushusha swichi zetu sisi wengine, na mtaa mzima ukasikia Mama Mwalimu akimsema kuhusu mchicha.

"Umetia chumvi mara mbili. Mara ya kwanza ulipopika, mara ya pili ulipokumbuka kwamba umepika."

Mvuvi alikwenda mwenyewe kumgongea kibandani. "Shikamoo mzee. Mama ana haki, lakini tafadhali funga geti."

Nayasema haya kwa sababu nataka mjue walipendana. Yanayofuata yasiposomwa hivyo hayasomeki.

Ilikuwa masika, barabara ya Masagati imekatika, na mto Lumemo umeingia mpaka kwenye viwanja vya watu. Nilikuwa kando ya kitanda cha Mama Mwalimu na bakuli la uji. Redio ilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Yeye aliyapenda, kama wazee wote wanavyoyapenda, akisikiliza kwa utulivu, na wakimtaja mtu wa Mahenge anasema, "Huyo babu yake namjua." Msomaji akasema, "Mwalimu mkuu wa shule ya msingi Masagati anasikitika kutangaza..." na spika ikakata.

Tukatazamana. Nikasema, "Waya huo tena. Ngoja nimwambie mzee." Nikatoka na bakuli mkononi. Uani nilikuwa katikati ya nyumba ya katekista na nyumba ya mvuvi, na spika zao zilikuwa zinaendelea. Jina la binti nililisikia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Amefariki katika uzazi, yeye na mtoto. Mazishi yamefanyika. Habari ziwafikie baba na mama yake walioko Ifakara.

Nilimkuta kibandani amesimama, kidole bado kiko kwenye swichi ya ua. Alikuwa amesikia neno Masagati, na mkono ukaenda kabla ya jina. Hakugeuka.

"Amesikia?" aliuliza.

"Hapana, baba. Imekata kabla."

"Basi asisikie."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikaangusha bakuli, na yeye akaniambia niende nikanawe uso kabla ya kurudi ndani.

Wazee wa mtaa walikaa wakakubaliana naye. Kwetu mgonjwa haambiwi, hilo halikuhitaji mjadala. Matanga yakawekwa barazani kwangu, mbali na dirisha lake. Wanawake walilia kwangu, kisha wakanawa, wakapaka mafuta, wakaenda kumjulia hali. Akiwauliza mbona macho mekundu, wanajibu moshi, kuni mbichi msimu huu. Na mzee hakwenda hata kuliona kaburi kwa macho. Barabara ilipopitika mdogo wake ndiye aliyekwenda, kwa sababu yeye akiondoka mgonjwa atauliza anakwenda wapi.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni muziki. Nyumba iliyofiwa ilikuwa yake, na kwa sheria yake mwenyewe ilipaswa kukaa kimya. Lakini chumba kikikaa kimya, Mama Mwalimu atajua. Alikuwa ameishi na desturi ile kuliko yeyote. Kwa hiyo swichi zetu zote zilishushwa, mtaa mzima ukanyamaza kumlilia binti, na swichi moja tu ikabaki juu, ile ya mama yake, ikipiga dansi. Wapita njia walishangaa. Kuna mtu wa mbali alisema kwa sauti kwamba watu wa Ifakara hawana haya, wanacheza muziki kwenye nyumba yenye msiba. Tulimsikia, tukainamisha vichwa. Fundi Simu alikuwa kibandani peke yake, anageuza kanda upande wa pili.

Saa ya matangazo ya vifo ikifika, anashusha ua. Yakiisha, anapandisha. Hakukosea hata siku moja, yeye aliyekuwa akisahau swichi za watu msimu mzima.

Mvua zilikwisha, watu wakaanza kuvuna. Mchana mmoja Mama Mwalimu alikataa kijiko. Alinishika kwa mkono wake mzima.

"Mama Benigna, hebu niambie. Siku hizi nchi hii watu hawafi?"

Nikauliza ana maana gani.

"Spika yangu haijatangaza msiba tangu siku ile waya ulipokata. Taarifa ya habari nasikia. Mpira nasikia. Dansi nasikia mpaka kichwa kinaniuma. Wafu tu ndio hawanifikii. Ulikatika wakimtaja mwalimu mkuu wa Masagati. Tangu hapo mwanangu hajatuma hata salamu. Ni yeye?"

Nilikoroga uji bila kumtazama. Hilo likawa jibu.

Hakupata mshtuko ule daktari aliouogopa. Alifumba macho tu, akalala hivyo muda mrefu, machozi yakiingia masikioni. Kisha akasema, "Na mtoto?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Usimwambie mume wangu kwamba najua. Anajitahidi sana. Akijua amejitahidi bure, atakufa yeye."

Nikaahidi. Ningefanyaje? Nilitoka pale, nikamkuta mzee uani anakaza waya kwenye nguzo, akaniuliza kama mgonjwa amekula. Nikasema amekula. Akasema, "Leo ana sauti nzuri," nikasema, "Ndiyo, baba."

Waliishi hivyo mpaka mwisho wake. Akimwita "Mama Mwalimu!" yeye anaitika "Abee." Akimwambia barabara ya Masagati bado mbaya, barua hazipiti, anajibu, "Bila shaka, na mvua zile." Moyo uliniuma kuwaangalia na unaniuma hadi leo. Nilikuwa namkasirikia kila mmoja kwa zamu yake, na wote wawili pamoja, na siku nyingine nilitaka kusimama katikati ya uani nipige kelele. Sikupiga. Kabla ya msimu mwingine wa mpunga Mama Mwalimu alifariki, usingizini, spika ikiimba kwaya taratibu. Mzee alivua kofia, akaingia kibandani, akashusha zote, ua likiwa la mwisho. Baada ya matanga alitupandishia sisi sote. Ua hakulipandisha tena.

Miaka ikaenda. Umeme ukaingia nyumba kwa nyumba, kila mtu akanunua redio yake, wengine televisheni. Nguzo za mianzi zikaoza, waya wa kwangu nikautumia kuanikia nguo. Sikumwona mzee sana; nilikuwa nimepata kazi ya kushona vyandarua na nilirudi jioni nimechoka. Jumapili moja, bila sababu, nikaingia uani kwake. Alikuwa kibandani anafungua skrubu za geti. Swichi zilikuwa zimepangwa chini kwenye gazeti, msalaba, samaki, kifungo, kila moja na kipande chake cha mbao chenye rangi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Benigna. Chukua kifungo chako. Sasa unacho cha kunishonea kwenye shati."

Nikacheka. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alifungua skrubu nyingine, kisha akasema, uso ukiwa ukutani, "Siku ile alikuomba usiniambie."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa nimegeuza," alisema. "Nilitaka kujua kama anakula. Nikasikia yote. Nchi hii watu hawafi. Nikasikia."

"Baba," nilisema, "ulijua muda wote ule?"

"Nilijua. Na ulipoondoka nikarudi kibandani, nikasikia analia. Alikuwa analia kwa Kipogoro, anamwita mtoto kwa jina la nyumbani. Nikasema nikisikiliza zaidi nitakwenda. Nikienda atajua kwamba najua, na amesema nisijue." Alishika skrubu, akaizungusha kidoleni. "Nikafunga geti. Mke wangu analia peke yake pale, nami nalia peke yangu hapa, na katikati yetu ni uani tu. Kila siku. Akianza, nafunga."

Nililia pale kwenye ndoo bila kujizuia, mwanamke mzima. Nililia kwa ajili ya kitanda kile na kibanda kile, na hatua zile chache ambazo hakuna aliyezitembea. Yeye hakulia. Aliendelea na skrubu, na mimi nilipomaliza kujifuta nikainuka kumsaidia, nikaona ubao umebaki na swichi moja tu, imeshuka, ua lake limefifia lakini bado linaonekana. Nikanyoosha mkono nishike bisibisi niing'oe hiyo pia.

"Hiyo iache," alisema, akaushika mkono wangu. "Hiyo imefungwa tu."